Mnada wa Taya

Madaktari wa taya walipanga foleni mbele ya Redio kama watu wanaosubiri choo cha stendi, na kila mmoja alikuja na kidole chake.

"Fungua mdomo, mama."

"Nimeshafungua," Redio alijibu kupitia meno yaliyobanana. "Hapa ndiyo mwisho wa mlango."

Daktari wa kwanza, kijana mwenye tai nyekundu, alicheka kidogo, akajaribu kupenyeza kidole cha shahada kati ya meno ya juu na ya chini. Hakikuingia. Akaja wa pili, naye akajaribu, maana hakuna daktari anayeamini kidole cha mwenzake. Akaja wa tatu. Redio alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki juu ya jukwaa la ukumbi wa hospitali, taa zimemwelekea usoni, na bintiye amesimama pembeni na kitambaa cha kumfuta mate. Walipofika wa katikati ya foleni midomo yake ilikuwa imeanza kuwaka kama iliyosuguliwa na msasa.

Mdomo wa mtu mzima, ukifunguka sawasawa, hupitisha vidole vyake vitatu vikisimama pamoja. Hicho ndicho kipimo chao hao watu, pamoja na mashine zao zote. Mdomo wa Redio ulikuwa haupitishi hata kucha. Aliwahi kuanguka kutoka juu ya meza ya mnada, kidevu kikapiga ukingo wa sakafu, na zahanati ikampa vidonge vya maumivu kwa sababu mtu wa taya hakuwepo. Maumivu yalikwisha. Kile kilichovunjika mbele ya sikio kilijiunga chenyewe vibaya, mfupa ukameza kiungo, mdomo ukafunga pole pole kama duka lisilo na wateja. Chakula chake kilikuwa cha kusagwa, kikipita kwenye pengo la jino lililong'oka siku ya kuanguka. Kama si lile pengo angekuwa ameshakufa njaa, na yeye mwenyewe alikuwa akilitaja kwa heshima, kama mtu anayemtaja mfadhili.

Na huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akinadi nguo za mitumba soko zima likageuka kumtazama. Jina la Redio alipewa sokoni hapo hapo. Sasa wenzake walikuwa wakimwona anapita wanasema, "Betri zimeisha," naye alikuwa akiinua mkono tu, kwa kuwa jibu zuri halitoki vizuri kwenye meno yaliyofungwa.

Yule aliyemleta jukwaani alikuwa daktari wa hospitali hiyo hiyo, mwanamke mwembamba, mpasuaji pekee wa kinywa, taya na uso katika wilaya nzima. Watu walimwita Daktari wa Taya. Foleni ilipokwisha aliinama karibu na sikio la Redio.

"Samahani, mama. Sikujua wangekuja wote."

"Mwanangu, nimeshikwa mdomo na nusu ya serikali," Redio alisema. "Kesho mnanipasua au hamnipasui?"

"Kesho asubuhi."

*

Kila mwaka mpasuaji wa aina hiyo anatakiwa kukaa darasani upya, aongeze maarifa, apate alama zinazomruhusu kuendelea na kazi. Ni jambo jema. Mtu anayeshika msumeno usoni pa mwenzake asitegemee yale tu aliyosoma ujanani. Ubaya ni kwamba darasa linahitaji chai, chai inahitaji bajeti, na penye bajeti Mkurugenzi wa hospitali hakosi. Mafunzo yaliyopita, yaliyofanyika mji wenye bahari na hoteli, nafasi ya hospitali ilikuwa moja. Alikwenda Mkurugenzi, ambaye taya analolijua ni lake tu, linavyotafuna. Daktari wa Taya alibaki wodini akimwangalia Redio anavyokonda, na mikononi mwake upasuaji ambao alikuwa ameusoma, ameuona, lakini hajawahi kuufanya kwa mkono wake.

Safari hii mafunzo yalikuja hospitalini kwao. Alikuja mwalimu, mpasuaji mzee aliyefungua mataya mengi kabla ya nywele zake kuwa nyeupe. Mpango ulikuwa kwamba Daktari wa Taya apasue, mwalimu asimame ubavuni mwake, na wale wengine wakae ukumbini watazame kwenye skrini na kuuliza maswali. Baada ya hapo mwalimu angepanda ndege ya jioni.

Jioni ile nyumbani, mume wa Redio, fundi viatu, alikuwa amekaa kwenye mkeka na kiatu cha mtu mapajani. Alikuwa hashoni. Alikuwa akikigeuza tu.

"Kwa hiyo wanakujifunzia wewe," alisema.

"Wananijifunzia mimi."

"Kama vile kinyozi mpya anavyotafuta kichwa cha bure."

"Wewe ulijifunzia viatu vya nani?"

"Vya marehemu baba."

"Uliviharibu?"

Fundi akakigeuza tena kile kiatu. "Kimoja."

Binti yao, msusi wa nywele aliyekuwa akizisuka nywele za mama yake mistari ya kulala ili kofia ya upasuaji iingie vizuri, alicheka hadi kitana kikamponyoka. Redio naye akacheka, kile kicheko chake cha siku hizi, mabega yanatikisika na pua inapuliza, mdomo kimya. Fundi alikiangalia kile kicheko akashindwa kuendelea na ubishi. Alikuwa amekioa kile kingine, kile kilichokuwa kikisikika mpaka kwa jirani wa tatu.

"Baba, yule mwalimu atakuwa pale pale," binti alisema.

"Najua. Mimi sina neno na mwalimu. Nina neno na wakubwa. Wakubwa wakishika kitu hawakosi kukikalia."

"Basi kesho usiseme neno lako," Redio alimwambia. "Kaa kimya mpaka niamke. Nikiamka nitasema mimi."

*

Asubuhi Redio alilazwa kwenye kitanda cha magurudumu nje ya chumba cha upasuaji, amevaa lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana, hata maji. Fundi na binti walisimama ukutani. Daktari wa Taya alikuja akiwa amevaa mavazi ya kijani, akamshika mkono, akasema wanaanza sasa hivi.

Hawakuanza.

Daktari wa usingizi, mzee mfupi wa kunung'unika ambaye hospitali nzima ilimwita Mzee wa Usingizi, alitoka akifungua na kufunga makabati ya korido.

"Kamera yangu iko wapi?"

"Kamera gani?" Fundi aliuliza.

"Ile nyembamba ya kupitisha puani. Mkeo hafungui mdomo. Mrija wa kupumulia nitauingizaje? Napitia puani, yeye akiwa macho, na kamera inanionyesha njia. Bila kamera nitakuwa napapasa, na mimi koo la mtu silipapasi. Mtu anakufa hapo hapo."

Muuguzi mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba kamera ilichukuliwa jana jioni. Mkurugenzi aliagiza vifaa vyote vya kung'aa vipelekwe ukumbini, vipangwe mezani, vizungushiwe utepe. Mgeni rasmi angekuja kufungua mafunzo, akate utepe, apigwe picha. Kamera hiyo haikuwa mpya. Ilikuwa hospitalini miaka na miaka. Ilikuwa inang'aa tu.

Daktari wa Taya alitoka mbio na viatu vyake vya mpira. Ukumbini madaktari walikuwa wamekaa, skrini kubwa haina picha, na meza ya vifaa iko mbele imezungushiwa utepe mwekundu kama zawadi. Mkurugenzi alikuwa mlangoni na simu sikioni, suti yake ya kijivu imenyooka bila kunyanzi.

"Mkurugenzi, nahitaji kamera. Mgonjwa yuko mlangoni."

"Dokta, subira kidogo. Mgeni rasmi yuko njiani."

"Tukichelewa hatutamaliza. Mwalimu ana ndege."

"Kila kitu na ratiba yake. Utepe, hotuba, halafu upasuaji."

"Mama hajala tangu jana."

Mkurugenzi akafunika simu kwa kiganja, akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Huyo si ndiye yule asiyeweza kula? Si amezoea?"

Daktari wa Taya alimgeukia mwalimu, aliyekuwa amekaa meza kuu nyuma ya maua ya plastiki, beji yenye kishada kifuani. Mzee yule alitazama saa yake, akatazama utepe, akatazama meza.

"Binti yangu, mimi ni mgeni hapa," alisema kwa upole. "Siwezi kupanga nyumba ya watu."

Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo mambo yanavyoharibika, katikati ya watu wasio wabaya, wamekaa na adabu zao.

*

Kwenye korido jua lilihama kutoka dirisha la kwanza likaja la pili. Walisikia ving'ora, wakadhani mgeni rasmi amefika; lilikuwa gari la wagonjwa. Kichwa kilimuuma Redio kwa njaa na kiu. Mzee wa Usingizi na Daktari wa Taya walisimama hatua chache kutoka kitandani, wakinong'ona kama watu wanaodhani kwamba asiyeongea vizuri hasikii vizuri.

"Tukivuka mchana sianzi," mzee alisema. "Kazi hii ni ndefu."

"Nitaifanya bila mwalimu."

"Utaifanya? Pale nyuma ya taya kuna mshipa wa damu. Ukiugusa vibaya, utakuwa na nani?"

Daktari wa Taya akasema, "Basi mpaka mafunzo mengine."

"Na mengine atakwenda nani?" mzee akauliza, na wote wawili walijua.

Redio alikaa. Akashusha mguu mmoja, akashusha wa pili.

"Mama, unakwenda wapi?" binti alishtuka.

"Sokoni."

Alitembea. Gauni lilikuwa wazi mgongoni, na Fundi akamfuata nyuma kwa nyuma ameshika pande mbili za nguo ile kuzibana pamoja, amejikunja, anapiga hatua fupi fupi ili asimkanyage. "Bibi wee, utaniua leo," alikuwa akisema. "Geuka basi nikufunge hata fundo." Hakugeuka. Waliingia ukumbini hivyo, mke mbele na mume kama mkia.

Mshereheshaji, ambaye tangu asubuhi alikuwa akijaza muda kwa vichekesho vilivyomwishia, aliona mgonjwa anapanda jukwaani akadhani ni sehemu ya ratiba. Mkononi mwake kulikuwa na kipaza sauti. Akampa.

Redio akakishika kama alivyokuwa akikishika zamani, chini, kwa vidole viwili. Akavuta pumzi kwa pua.

"Haya, haya, haya!"

Sauti ilitoka imebanwa, inapita kati ya meno kama maji ya bomba lililozibwa kidole, lakini mdundo ulikuwa ule ule. Madaktari wakacheka. Mkurugenzi aliyekuwa mlangoni akageuka.

"Nani ataanza? Nauza taya! Taya moja, la mama wa mtoto mmoja. Halijachakaa, halijatoboka, limegoma tu. Hela sitaki. Bei yangu ni ile kamera chini ya utepe. Nani anasogea? Wewe wa tai nyekundu! Jana ulinitia kidole. Leo hununui?"

Kicheko kilikatika kwenye safu ya mbele, kikaendelea kidogo nyuma, kikafa na huko.

"Na wewe wa miwani, kidole chako kilikuwa na harufu ya sigara. Na wewe dada, ulikuwa na huruma, nilikuona. Mmenitia vidole ukumbi mzima. Mwenye duka, mteja akishikashika nguo hivyo akaondoka, anamwambiaje? Nisaidieni, mdomo wangu ni mzito." Akameza mate. "Watatu wangu wanaongoja ni hawa: mume wangu huyu anayenifunika mgongo, binti yangu, na njaa. Taya kwa mara ya kwanza!"

Hakuna aliyesogea. Daktari wa Taya alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Mama, tafadhali shuka," Mkurugenzi alisema akija mbio za kiungwana. "Mshereheshaji, zima hicho kitu."

"Taya kwa mara ya pili!"

Mzee wa Usingizi alipita pembeni mwa ukuta akinung'unika. Alifika mezani. Hakukata utepe wala hakuuvuta. Aliinama tu kwa shida, mkono kiunoni, akapita chini yake kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Akaichukua kamera, akaiangalia kwenye mwanga.

"Wameishika na mikono yenye mafuta," alisema. "Lazima ioshwe upya kwa dawa. Dokta, twende."

Mwalimu mgeni alisimama. Akaitoa ile beji ya kishada, akaiweka juu ya maua ya plastiki.

"Limeuzwa," Redio alisema, na miguu ikamlegea. Fundi akaliachia gauni ili amdake mwenyewe, na ukumbi mzima wa wapasuaji ukauona mgongo wake. Hakuna aliyecheka.

*

Alipitishiwa mrija puani akiwa macho, machozi yakimtiririka, Mzee wa Usingizi akimwambia, "Meza, mama, meza tena, hodari, basi," mpaka usingizi ukamchukua. Daktari wa Taya alichana mbele ya sikio, akafika kwenye mfupa ulioungana. Mwalimu alisimama ubavuni mikono yake imekunjwa tumboni.

Walipofika nyuma kabisa, karibu na ule mshipa, mkono wa mwanafunzi ulisita. Ukumbini, kwenye skrini, watu waliona chombo kikisimama hewani. Mwalimu akanyoosha mkono wake kukichukua. Kisha akaurudisha tumboni.

"Endelea," alisema. "Ukikosea nitasema."

Akaendelea. Mwalimu hakusema kitu.

Mfupa ulipoachia ulitoa sauti ndogo, kama kijiti kikavu kinapovunjika. Daktari wa Taya akashika kidevu cha Redio akakivuta chini, kikaja. Akaweka kidole kimoja, akaweka cha pili, akaweka cha tatu. Ukumbini watu walisimama wakapiga makofi. Fundi aliyasikia akiwa koridoni, akamshika bintiye begani.

"Wanapigia nini makofi?"

"Baba, mtu akifa hawapigi makofi."

"Hao? Hujui hao."

Mgeni rasmi alifika baadaye. Alikata utepe, na picha ikapigwa, pale katikati ya meza pakiwa na nafasi tupu.

*

Mwalimu alipanda ndege yake. Kilichobaki kilikuwa cha nyumbani.

"Kazi yangu imekwisha," Daktari wa Taya alimwambia Fundi siku ya kuruhusiwa. "Yako ndiyo inaanza. Kila siku, mara kwa mara, unampa vijiti hivi bapa katikati ya meno. Akizoea unaongeza kimoja. Atalia. Ukimhurumia mfupa utaungana tena."

"Hapa hakuna mtu wa mazoezi?"

"Nafasi yake iko wazi."

"Tangu lini?"

Daktari alitabasamu kwa uchovu. Mezani kwake kulikuwa na barua ya kumtaka ajieleze kwa kuvuruga ratiba ya ufunguzi. Hakumwambia.

Redio alilia kweli. Alilia, alimtukana Fundi, alimtukana mama mkwe aliyekuwa ameshakufa, alisukuma mkono wake vijiti vikatawanyika sakafuni. Uvimbe ulikuwa bado, na mdomo uliofunguka vizuri mezani kwa daktari ulianza kurudi ndani. Vidole vitatu vikawa viwili, viwili vikawa kimoja na wasiwasi. Fundi, ambaye mikono yake ilikuwa ikinyoosha ngozi ngumu kuliko zote, alishindwa kumtazama mkewe usoni. Alikuwa akiongeza kijiti, akiona chozi, anakitoa.

"Baba, unamharibia," binti alimwambia.

"Mshike wewe basi!"

"Nishike mimi, na wewe ndiye mume?"

Jioni moja walikuwa wamekaa watatu mbele ya televisheni, vijiti viko kwenye kikombe, hakuna anayevigusa. Taarifa ya habari ikamwonyesha Mkurugenzi katika suti ya kijivu, nyuma yake ile meza.

"...kwa maono yetu kama uongozi," alikuwa akisema, "tumehakikisha wapasuaji wetu wanapata elimu endelevu, elimu ambayo ni endelevu, na ambayo itaendelea, kwa sababu sisi kama uongozi..."

"Zima huyo," Fundi alisema. "Zima kabla sijaitupia kiatu."

Binti akainuka. Mkurugenzi akaendelea, akashukuru wizara, akamshukuru mgeni rasmi, akaishukuru tena wizara. Na hapo Redio, aliyekuwa ameegemea ukuta na macho mazito, akapiga mwayo.

Haukuwa mwayo wa puani, ule aliouzoea tangu aanguke. Huu ulitoka tumboni, ukapanda, ukalisukuma taya chini bila kuomba ruhusa, na mdomo ukafunguka, ukaendelea kufunguka, mpaka wakauona ulimi. Machozi yalimtoka kwa maumivu. Fundi akaruka kutoka kwenye mkeka, akaingiza vidole vyake vyeusi vya gundi kabla mlango haujafungwa.

"Viwili!" alipiga kelele. "Viwili vimepita vyote!"

Redio akamng'ata kidogo, makusudi, ili avitoe. Huku akijishika shavu akatafuta kikombe cha vijiti kwa mkono mwingine, akakivuta karibu mwenyewe.

Binti alikuwa bado amesimama, kidole kwenye kitufe cha televisheni.

"Acha, mwanangu, usizime," mama yake alisema. "Muache aongee. Kimebaki kidole kimoja."